Tunahesabu mitungi, hatuhesabu ujazo

Picha imekuwa ile ile kwa miaka kadhaa sasa: mitungi ya kilo 6 imepangwa safu uwanjani, mgeni rasmi anakabidhi, kina mama wanapokea kwa vigelegele, na kesho yake habari inataja idadi. Tangu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 uzinduliwe Mei 2024, ukilenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, idadi ya mitungi ndiyo imegeuka kipimo cha mafanikio. Wanaousifu mpango wanaitaja. Wanaoubeza nao wanaitaja hiyo hiyo, wakiongeza kwamba mingi imekaa uvunguni mwa kitanda. Nadhani wote wanatazama pasipo. Mtungi ni chombo tu, kama ndoo ilivyo chombo cha maji. Kinachoamua kama mkaa utapungua ni mara ngapi mtungi ule unarudi kujazwa, na chakula gani kinaendelea kupikwa kwenye mkaa hata gesi ikiwepo. Kwa bei ya joto linalofika sufuriani, gesi na umeme tayari vinashindana na mkaa bila aibu. Vinapokwama ni kwenye namna ya kununua, kwenye umbo la jiko, na kwa umeme, kwenye mpangilio wa bei unaomwadhibu mtu anayeanza kuupikia.

Tuanze na joto, maana hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina nishati ya takriban megajuli 46, na jiko la gesi la kawaida hufikisha sufuriani kama asilimia 55 yake. Mtungi wa kilo 6 basi unaleta megajuli 150 hivi za kazi. Mkaa una takriban megajuli 29 kwa kilo, lakini jiko la bati tupu hufikisha asilimia 20 mpaka 25, yaani megajuli 6 hadi 7; jiko banifu lenye kiini cha udongo hufika kama 10. Kwa mwenye jiko la bati, mtungi mmoja mdogo unafanya kazi ya kilo 23 za mkaa. Weka bei za mtaani kwako. Tuseme kujaza ni shilingi 24,000. Ni sawa na kununua mkaa kwa shilingi 1,040 kwa kilo. Anayenunua gunia zima na kulihifadhi mahali pakavu anaweza kupata chini ya hapo. Anayenunua kwa kopo mara nyingi analipa zaidi bila kujua, kwa sababu kopo halipandi mizani: muuzaji akipanga vipande vikubwa kwa ustadi, nusu ya ujazo inakuwa hewa, na siku ya mvua sehemu ya uzito ni maji.

Lakini kopo lina sifa moja ambayo mtungi hauna: linanunulika kwa hela ya leo. Familia ya watu watano inayopikia gesi peke yake hutumia kilo 10 hadi 12 kwa mwezi, sawa na kujaza mtungi mdogo mara mbili. Kwa bei yetu ya mfano hiyo ni shilingi 48,000, na familia hiyo hiyo ikinunua mkaa wa 1,800 kila siku inamaliza 54,000. Gesi ni nafuu, na bado mama lishe au dereva wa bodaboda atarudi kwenye mkaa mtungi ukiisha tarehe 19, kwa sababu siku hiyo mfukoni ana 7,000 na si 24,000. Watu wanasema "gesi ni ghali" wakimaanisha kwamba gesi haikatwi vipande. Hili ni tatizo la mtiririko wa fedha, na ruzuku ya kumpa mtu mtungi wa kwanza kwa nusu bei, kama ile ambayo REA, Wakala wa Nishati Vijijini, imekuwa ikiipitisha kwa wasambazaji, hailigusi. Inampunguzia gharama ya kuingia na kumwacha na gharama ya kubaki.

India ilishapita njia hii kwa ukubwa ambao sisi hatutaufikia. Mpango wake wa kuziunganisha kaya maskini na gesi kupitia akina mama ulianza Mei 2016 na umevuka kaya milioni 100. Miaka ya mwanzo kila mmoja alishangilia idadi ya waliounganishwa, mpaka takwimu za ujazo zilipotoka: katika mwaka wa fedha 2018/19 kaya za mpango zilijaza kwa wastani kama mitungi 3 ya kilo 14.2 kwa mwaka, wakati kuachana kabisa na kuni kunahitaji 8 au zaidi. Serikali ya huko ililazimika kuhamishia ruzuku kwenye kujaza, rupia 200 kwa mtungi mwaka 2022, kisha 300 mwaka 2023, na wastani ukasogea karibu na 4. Kenya nayo iliirudishia gesi ya kupikia VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 Julai 2021, ikaikata nusu mwaka uliofuata, na Julai 2023 ikaiondoa kabisa. Nchi mbili tofauti, zimeangukia shimo moja, zikatokea upande mmoja: fedha ya umma ielekezwe kwenye kinachoungua.

Sasa ingia jikoni. Mtungi wa kilo 6 unaogawiwa kwa kawaida huja na kichwa cha kichomeo kinachofungwa juu yake, na miguu ya chuma ya kushikilia sufuria. Chai unachemsha, mayai unakaanga, mchicha unaunga bila shida. Jaribu kusonga ugali wa watu wanane. Sufuria iko juu ya mtungi mwembamba, mikono miwili iko kwenye mwiko, na kila ugali unavyokaza ndivyo mtungi unavyoyumba. Mpishi mwenye akili anaiteremsha sufuria na kuwasha jiko la mkaa linalokaa chini, ambako anaweza kuibana kwa miguu au kwa kitambaa. Na akishawasha mkaa kwa ajili ya ugali, moto uliobaki hauzimwi. Yanapandishwa maharage ya kesho, kisha maji ya kuoga. Ndivyo nyumba yenye gesi inavyoendelea kumaliza gunia. Dawa yake ni vyuma tu: fremu pana ya kushikilia mtungi na sufuria, au jiko la plati mbili linalokaa mezani likilishwa kwa mpira kutoka mtungi wa kilo 15. Sijaona kwa nini ruzuku ilipie mtungi na isilipie fremu.

Maharage ni kesi nyingine, na ndiyo nzito kuliko zote. Sufuria ya nusu kilo ya maharage makavu kwenye moto wa kawaida inachukua saa mbili hadi tatu na kula karibu kilo nzima ya mkaa. Kwa gesi mtu anaona mtungi ukiisha kwa macho yake, ndiyo maana maharage, makande na supu ya kongoro ndivyo vya mwisho kuhama. Hapa umeme unaishinda gesi, mradi chombo kiwe presha kuka ya umeme na si jiko la koili. Loweka maharage usiku kwa muda wa saa 8 hivi, mwaga maji, weka mapya yapite juu kidogo, chombo kisizidi nusu maana maharage yanavimba na kutoa povu linaloziba vali. Dakika 35 hadi 45 za presha zinatosha, na mita itahesabu takriban uniti 0.4. Siri yake haina maajabu: chombo kimefungwa, kimekingwa pembeni joto lisitoke, na presha inapandisha kiwango cha kuchemka kufikia nyuzi 110 na kitu, kwa hiyo muda wa kuiva unapungua na mtambo unajikata wenyewe sehemu kubwa ya safari. Kinachoharibika mara nyingi ni mpira wa mfuniko, unaoshika mafuta na kukakamaa. Ukianza kuvuja mvuke pembeni, presha haijengeki na uniti zinapotea bure. Mpira huo ubadilishwe, chombo kisitupwe.

Katika hoja zinazopinga, ziko nzito na nyepesi. Nzito kuliko zote ni ya kukatika kwa umeme na gesi kuadimika vijijini: hakuna atakayevunja jiko lake la mkaa wakati hana uhakika wa kesho, na ana haki. Kuchanganya majiko kutakuwepo kwa miaka mingi, na sera nzuri hulenga kupunguza sehemu ya mkaa bila kusubiri ifike sifuri. Hoja ya usalama nayo ni ya kweli ila ina majibu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatanda sakafuni, kwa hiyo mtungi usiwekwe kwenye shimo wala kabati lililofungwa. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, funga vali, fungua milango, usiwashe wala kuzima swichi yoyote. Mpira uliopasuka au kukakamaa unabadilishwa, haufungwi kwa gundi ya karatasi. Kuhusu kupunjwa, uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye shingo yake au kwenye kola, na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, inawataka wauzaji wawe na mizani. Toa uzito huo kwenye unaosomeka, ibaki kilo 6. Hoja ya ladha, kwamba maharage ya mkaa ni matamu zaidi, ninaiheshimu kwa nyama choma na kuiacha hapo.

Nyepesi kuliko zote ni ile inayovaa joho la mazingira: kwamba gesi ni zao la petroli, inaagizwa kwa fedha za kigeni, na kwa hiyo kumhamishia maskini huko ni kuongeza hewa ukaa. Suala la fedha za kigeni ni halali na tutalirudia. La hewa ukaa halisimami hata dakika moja ukishika kalamu. Kilo 6 za gesi zikiungua zote zinatoa kama kilo 18 za kabonidayoksaidi. Kazi hiyo hiyo ya kupika inataka kilo 23 za mkaa. Tanuri la udongo la kienyeji, kuni zikiwa na unyevu kiasi na mchomaji akiwa na haraka, linatoa kilo 15 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni kavu, kwa hiyo tumekata kilo 150 za mti. Karibu nusu ya kuni kavu ni kaboni, na ukiigeuza yote kuwa kabonidayoksaidi unapata kilo 270 na kitu. Mtetezi wa mkaa atasema mti unaota tena na kuirudisha. Tumkubalie kwamba theluthi mbili inarudi, jambo ambalo ni ukarimu kwa misitu ya miombo inayozunguka barabara kuu. Bado tunabaki na kilo 90, mara tano ya gesi, kabla hatujagusa methani inayotoka kwenye tanuri wakati kuni zinaungua bila hewa ya kutosha. Na hapo sijazungumzia mapafu. Serikali hutaja vifo 33,000 kwa mwaka nchini vinavyohusishwa na moshi wa jikoni.

Ila tusiubebeshe mkaa dhambi zote. Takwimu ya hekta 469,000 za misitu zinazopotea kila mwaka husomwa majukwaani kana kwamba zote zimeishia kwenye majiko ya Dar es Salaam. Sababu kubwa zaidi ya kupotea kwa msitu nchini ni upanuzi wa mashamba. Mara nyingi mkulima anafyeka kwa ajili ya mahindi au ufuta, na mkaa unakuwa zao la pembeni linalolipia gharama za kufyeka. Kwa hiyo hata mkaa ukikosa soko kesho, sehemu ya miti hiyo itaanguka tu, ichomwe papo hapo shambani. Kinyume chake, Kilosa mkoani Morogoro imeonyesha kwa zaidi ya muongo kwamba msitu wa kijiji unaweza kugawanywa vitalu vidogo, kimoja kikavunwa na majirani zake kikaachwa, visiki vikachipua, mzunguko ukarudi baada ya miaka 24, na mapato yakabaki kijijini. Hiyo haifanyi mkaa kuwa nishati safi ndani ya nyumba. Inaonyesha kwamba kwa miaka ambayo mkaa utakuwepo, kuuvuna kwa utaratibu kunauokoa msitu kuliko marufuku. Marufuku tunaijua: mwaka 2006 biashara ya mkaa ilisimamishwa nchi nzima, na baada ya wiki chache tu ikabidi ifunguliwe.

Nirudi kwenye umeme, kwa sababu hapa ndipo Tanzania ina karata ambayo India ya 2016 haikuwa nayo. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla megawati 2,115, na maji yake hayaagizwi kwa dola. Kupikia umeme huo kunajibu hoja ya fedha za kigeni ambayo gesi haiwezi kuijibu. Tatizo liko kwenye bei. Mteja mdogo wa nyumbani, kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, yaani 122 mkononi, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti inayozidi inatozwa 350 kabla ya kodi, na akizoea kuzidi anahamishiwa T1, kundi la matumizi ya kawaida, ambako kila uniti, kuanzia ya kwanza, ni 356 pamoja na kodi. Chukua nyumba ya D1 yenye taa, runinga na friji ndogo inayotumia uniti 45. Kupika kwa presha kuka na plati moja yenye ufanisi kunaongeza uniti 40 hadi 50. Imefika 90. Bili yake inatoka 5,490 na kutua 32,040 akiwa T1. Ukigawa ongezeko hilo kwa uniti 45 za kupikia, kila moja imemgharimu 590. Kwa bei hiyo mkaa unashinda, na mama huyo akiirudisha presha kuka kabatini hajafanya ushamba wowote. Amesoma risiti ya luku vizuri kuliko waliopanga bei.

Jambo hili linaweza kurekebishwa bila kujenga hata nguzo moja. Kizingiti cha D1 kikipandishwa kutoka uniti 75 hadi tuseme 130 kwa wateja waliosajili kifaa cha kupikia chenye ufanisi, TANESCO, shirika la umeme, linapoteza tofauti ya bei kwa uniti ambazo leo haliziuzi kabisa, kwa kuwa zinapikwa kwa mkaa. Kuna hofu kwamba wote wakiwasha majiko saa 1 jioni njia za usambazaji zitaelemewa. Hofu hiyo ni ya haki kwa jiko la koili la wati 2,000 linalowaka saa zima. Presha kuka ni wati 1,000 kwa dakika chache kisha inajikata, na maharage yanaweza kuiva saa 8 mchana yakasubiri. Kwenye nyumba za kupanga zenye nyaya nyembamba fundi lazima akague kwanza: soketi ya jiko iwe na waya wake kutoka kwenye bodi, isichangiwe na friji kwa kutumia ekstensheni ya bei rahisi, maana hiyo ndiyo inayoyeyuka.

Taasisi ni sura ya peke yake. Agizo la kuzitaka taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, ambalo tarehe yake ya kwanza ilikuwa Januari 2024, lilipokelewa kama suala la kubadili majiko. Ni suala la nani analipa. Katika shule nyingi za msingi kuni hazina mstari kwenye bajeti: mwanafunzi anakuja na ukuni wake asubuhi, au mzazi anatoa mzigo kwa zamu. Gesi hailetwi kichwani. Ukiifungia shule jiko la gesi bila kuipa fedha ya kujaza, michango ya wazazi inapanda au chakula cha mchana kinakufa, na mwalimu mkuu, akiwa na watoto 600 wenye njaa, atatafuta kuni kimya kimya. Kwa shule za namna hiyo jiko la matofali lenye bomba la moshi na sufuria inayozama hadi shingoni linakata kuni kwa nusu au zaidi na kumtoa mpishi kwenye moshi, nalo lingefaa kukubaliwa kama hatua halali kwa miaka mitano. Mkaa mbadala, uwe wa vumbi la mazao au wa makaa ya mawe, uangaliwe kwa jicho kali zaidi. Unaokoa miti, ila unatoa kabonimonoksaidi kama mkaa wowote, na gesi hiyo ya sumu haina harufu wala moshi wa kumtahadharisha mpishi aliyejifungia wakati wa baridi.

Takwimu za kupimia haya yote zipo tayari. Vituo vya kujazia gesi vinajua kilo zilizotoka, TANESCO inajua kila uniti iliyonunuliwa na mita ipi, REA inajua mitungi ya ruzuku ilikwenda kata gani. Kinachokosekana ni kuziweka kwenye jedwali moja na kulitangaza kila robo mwaka. Tuseme kata fulani iligawiwa mitungi 400, na mwaka uliofuata ikajaza mara 300. Hizo ni kilo 1,800, au kilo 4.5 kwa kila kaya iliyopokea, wakati kaya inayopikia gesi kweli hutumia 120 au zaidi. Kwenye ripoti za leo kata hiyo ina kaya 400 za nishati safi.